Video ya wazi au ya kujiandikisha kwanza?

Ninauza mashine za kuangulia vifaranga River Road, Nairobi, na wateja wangu wengi huanzia kwenye video. Ukiiweka YouTube wazi, inasambaa yenyewe: mfugaji wa Ruai anamtumia shemeji yake wa Kitengela kwa WhatsApp. Lakini YouTube inakupa hesabu tu: wangapi walitazama, kwa dakika ngapi, kutoka nchi gani. Majina haikupi. Watu mia tatu watazame, huna hata mmoja wa kumpigia.

Ukiifungia nyuma ya fomu, mtazamaji anaacha jina na nambari kwanza. Hapo wengi hugeuka, na wengine huandika 0700 000 000 ili wapite tu. Dawa yake ni kumtumia kwa SMS msimbo wa kufungulia video, kwani nambari ya uongo haitaupokea. Nilipoongeza swali la “una kuku wangapi?”, waliojaza walipungua siku hiyo hiyo. Nikaliondoa.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019: lazima mtu ajue kwa nini unachukua habari zake, na akubali kabla hujamtumia matangazo. Kisanduku cha kukubali nakiacha kitupu, atie tiki mwenyewe.

Kwangu, video ya dakika mbili inayoonyesha yai likipasuka haifai kufungiwa kamwe. Ya kufungia ni ile ndefu, ya bei, umeme unaotumika na kugeuza mayai. Anayeacha nambari kwa ajili ya hiyo, nampigia jioni ile ile.