Makumbusho ya Familia ya Walt Disney, San Francisco: Baba Katika Simulizi ya Binti Yake

Anayekwenda kwenye makumbusho haya akitarajia bembea, wahusika waliovaa vinyago na foleni za watoto atavunjika moyo, na ni vizuri ajue hivyo kabla hajakata tiketi. Makumbusho ya Familia ya Walt Disney yako katika eneo la Presidio, iliyokuwa kambi ya jeshi la Marekani karibu na daraja la Golden Gate, ndani ya jengo la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa bweni la askari. Hayaendeshwi na kampuni inayobeba jina hilo, bali na taasisi ya familia isiyo ya kibiashara, na mwanzilishi wake mkuu alikuwa Diane Disney Miller, binti mkubwa wa Walt Disney, mtayarishaji wa filamu za katuni wa Marekani, aliyeyafungua tarehe 1 Oktoba 2009 na kufariki mwaka 2013. Diane alitaka watu wamjue mtu aliyekuwa nyuma ya nembo. Karibu kila jambo zuri nililoliona humo, na karibu kila pengo, chanzo chake ni kwamba msimulizi ni mtoto anayempenda baba yake.

Maonyesho ya kudumu yamegawanywa katika kumbi kumi zinazofuata maisha ya Walt kwa mpangilio wa miaka, na sauti ya Walt mwenyewe, iliyotolewa kwenye mahojiano ya zamani, humfuata mgeni kutoka chumba kimoja hadi kingine. Utoto wake unapitiwa bila kuremba sana: kuzaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901, shamba la Marceline katika jimbo la Missouri, baba mkali aliyehamahama kutafuta riziki, kusambaza magazeti alfajiri mjini Kansas City, na studio yake ya kwanza, Laugh-O-Gram, iliyofilisika mwaka 1923. Kutoka hapo mgeni huingia kwenye lifti iliyopambwa kama behewa la treni, akapanda ghorofa ya juu na kutokea Hollywood, ambako Walt na kaka yake Roy walianzisha studio yao mwezi Oktoba mwaka huohuo. Ni kichekesho kidogo cha wasanifu, lakini kimekaa mahali pake.

Ukumbi unaofuata ndio uliobeba somo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1928 Walt alikwenda New York kumwomba msambazaji wake, Charles Mintz, amwongezee malipo ya katuni za sungura Oswald, akaambiwa malipo yatapunguzwa, na kwamba wachoraji wake karibu wote wameshasaini mkataba na Mintz. Huyo sungura mwenyewe, kisheria, alikuwa mali ya kampuni ya Universal. Aliyebaki na Walt alikuwa Ub Iwerks, rafiki yake tangu Kansas City na mchoraji mwenye kasi ya ajabu, na kwa mkono wa Iwerks ndipo Mickey Mouse akapatikana. Michoro ya mwanzo kabisa ya panya huyo iko hapo, ya penseli, midogo, na haina majivuno yoyote. Nilifurahi kuona jina la Iwerks halikufichwa, ingawa ningependa lipewe uzito zaidi, maana heshima ya Walt haipungui tukisema wazi kwamba kuanzia hapo kazi yake kubwa haikuwa kuchora bali kuona, kuchagua, kusukuma na kukataa.

Baada ya hapo kuna ukuta ambao peke yake unatosha kumfikisha mtu pale. Umepangwa mamia ya fremu za Steamboat Willie, filamu iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, zimejaa kuanzia chini hadi juu, na ukishazipitia kwa macho ndipo unapoelezwa kwamba zote kwa pamoja hazifiki sekunde 15. Filamu hukimbia kwa fremu 24 kila sekunde. Ukisogea karibu utaona kwamba kati ya fremu moja na inayofuata, usukani wa meli umesogea kidogo tu, kiatu kimeinuka kidogo tu, na mdomo unaopiga mbinja umebadilika kwa kiasi cha unene wa mstari. Mtu aliyewahi kuuliza kwa nini studio zetu za Nairobi au Dar es Salaam hutaja bei kubwa kwa tangazo fupi la katuni atapata jibu lake mbele ya ukuta huu.

Snow White ina ukumbi wake, na inastahili. Bajeti iliyokadiriwa kuwa takriban dola 250,000 iliishia karibu dola milioni moja na nusu, huku Hollywood ikimcheka Walt waziwazi kwa kudhani kwamba watu wazima watakaa kutazama katuni ya dakika 83. Filamu ilizinduliwa tarehe 21 Desemba 1937 na kuwanyamazisha waliokuwa wakicheka. Tuzo maalumu ya Oscar aliyopewa kwa kazi hiyo, sanamu moja ya kawaida ikifuatwa na saba ndogo zilizoshuka ngazi kwa ngazi, ni miongoni mwa vitu ambavyo wageni huvipiga picha zaidi. Mimi nilikawia mahali pengine, kwenye kamera ya tabaka nyingi, mtambo wa chuma mrefu kiasi cha kupenya ghorofa mbili. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Ukipiga picha ya mandhari iliyochorwa kwenye karatasi moja kisha ukaisogelea, mwezi ulioko mbali hukua pamoja na mti ulio karibu, na jicho hukataa. Mtambo huu huuweka mwezi kwenye kioo cha chini, vilima kwenye kioo kingine, miti kwenye kingine, huku kamera ikitazama chini kutoka juu. Kila kioo husogezwa kwa kipimo chake, na mwezi hubaki ulivyo. Mgeni afadhali ajue pia kwamba Lotte Reiniger wa Ujerumani alikuwa ameshatumia vioo vya ngazi katika filamu yake ya mwaka 1926, kwa hiyo wazo lenyewe halikuzaliwa California. Lililozaliwa California ni mtambo wa ukubwa huo na pesa za kuuendesha.

Ukumbi wa miaka ya vita ndio mtihani wa makumbusho yoyote yaliyojengwa na familia. Faida ya Snow White ilikuwa imemwagwa kwenye studio mpya ya Burbank, vita vikafunga masoko ya Ulaya, Pinocchio na Fantasia za mwaka 1940 zikashindwa kurudisha gharama, na wafanyakazi walioahidiwa mengi wakaanza kuulizana kuhusu mishahara. Walt alipomfukuza Art Babbitt, mmoja wa wachoraji wake bora na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mamia waligoma kuanzia tarehe 29 Mei 1941. Suala hilo limeelezwa, na hilo ni la kusifiwa, kwa kuwa lingeweza kupitwa kimya. Hata hivyo limeelezwa hasa kama jeraha alilopata Walt, yaani kipindi kigumu cha maisha yake, na si kama madai ya watu waliokuwa na hoja. Sioni kama ni uongo. Naona ni upande mmoja uliopewa kiti cha mbele. Ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1947, alipowataja kwa majina baadhi ya viongozi wa mgomo kuwa aliwashuku ukomunisti, ulihitaji nafasi pana zaidi, na vilevile habari kwamba waliotoka katika mgomo huo walishiriki kuanzisha studio ya UPA, iliyokuja kubadilisha sura ya katuni za Marekani katika miaka ya 1950. Kama tunazungumzia urithi wa mtu, hata waliogombana naye ni sehemu ya urithi huo.

Ukumbi wa filamu za wanyama ni ushoroba wa vioo unaotazama daraja la Golden Gate, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndipo penye undugu wa karibu, kwa sababu miongoni mwa filamu hizo ni The African Lion ya mwaka 1955, iliyopigwa na wanandoa Alfred na Elma Milotte waliokaa miaka nyikani kusubiri simba wafanye mambo yao. Uvumilivu wao ni wa kupigiwa mfano. Lakini mfululizo huohuo wa filamu za wanyama ndio uliotoa White Wilderness ya mwaka 1958, ambamo tukio la panya wa baridi (lemming) wanaojitupa majini lilitengenezwa na wapiga picha, kama televisheni ya Kanada ilivyokuja kufichua, na uongo ule bado unasimuliwa kama elimu ya viumbe.

Kutoka hapo njia inazunguka ikishuka, ukipita mfano mkubwa wa Disneyland kama Walt alivyoiwazia, na Lilly Belle, kichwa cha treni ndogo ya mvuke aliyoiendesha kwenye uwanja wa nyumba yake. Watoto walionekana kuchangamka hapo kuliko mahali pengine popote. Ukumbi wa mwisho, wa kifo chake tarehe 15 Desemba 1966, ni mfupi, na ni sawa uwe mfupi.

Kwa jumla ningeyapendekeza kwa mchoraji, mwanafunzi wa filamu, mwalimu wa sanaa, au mtu anayefikiria kufungua studio yake mwenyewe. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane maandishi ni mengi mno. Tenga nusu siku, na uangalie tovuti yao mapema kwa kuwa hawafungui kila siku ya wiki. Ukikuta kuna maonyesho ya muda, usiyaruke, kwani ndiyo yanayofidia upungufu nilioutaja. Mwaka 2013 makumbusho hayo yalimpa heshima Tyrus Wong, mzaliwa wa China, ambaye michoro yake ya ukungu na misitu ndiyo iliyoipa filamu ya Bambi sura yake na ambaye aliachishwa kazi na studio hiyohiyo baada ya mgomo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mary Blair na rangi zake. Uamuzi wa kuwaweka wasanii kama hao chini ya jina la familia ulifanywa wakati wa Diane, na ningependa kuwaona wakihamishiwa kwenye zile kumbi kumi za kudumu.