Waya za umeme: paipu ndani ya ukuta au tranking (mfereji wa plastiki wa kubandika) juu ya ukuta?

Kama plasta ishabanduliwa na tofali ziko wazi, mi nasema zamisha paipu tu. Fundi anachana tofali kwa grainda, analaza paipu ya 20mm, plasta inafunika, na siku ukitaka kubadili waya unafungia mpya kwenye ule wa zamani unavuta upande wa pili unatokea, ila kona zisiwe nyingi la sivyo mtavuta mpaka jasho liwatoke. Usikubali azike waya mtupu kwenye plasta, ukiungua huko ndani ni kubomoa upya.

Tranking ni rahisi, haina vumbi, nyumba ya kupanga inafaa sana. Lakini gundi huachia, mende wanahamia humo, na sebuleni haipendezi jamani.

Ukizamisha, waya wa taa uwe 1.5mm, wa soketi 2.5mm, jiko la umeme na shawa ya moto kila kimoja laini yake nene, mara nyingi 6mm, na acha paipu moja tupu nyuma ya tivii kwa ajili ya intaneti. Halafu piga picha kuta zote kabla ya plasta, futi ya kupimia ikionekana, maana mwenye drili ya kutundika kabati hajui waya umepita wapi.