Duka la dawa za mifugo karibu na soko la Kadutu, Bukavu: walimponya kobayi wetu (simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa)

Dume wetu mweupe aling'atwa mgongoni na mwenzake, wakigombea jike. Nilipompapasa, manyoya yalikuwa yameshikana kwa damu, na chini yake kidonda chenye upana wa kucha yangu, kimeanza kutoa usaha. Mwanangu hakulala.

Farmasi ya kwanza walitaka kuniuzia amoksisilini ya watoto. Nashukuru Mungu sikuinunua! Mama wa duka hili alishtuka niliposimulia: kobayi akinywa dawa za jamii ya penisilini kama hiyo, vijidudu vyema vya tumboni hufa, anaharisha, na anaweza kufa kabisa.

Kisha akamtoa kapuni, akamfunga kitengeni kichwa tu kikibaki nje, akakata manyoya kuzunguka kidonda kwa mkasi mdogo, pole pole, akimsemesha kama mtoto mchanga. Akaosha kwa maji ya chumvi: gramu 9 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. "Usimtie alkoli wala maji ya oksijeni, yale yanayotoa povu kidondani, mama, vinaunguza nyama mpya." Nyumbani nikarudia asubuhi na jioni, nikaondoa maranda na kutandika kitambaa safi. Madume nimewatenganisha, kila mmoja na kizimba chake.

Wanachelewa kufungua, nilisimama mvuani karibu saa nzima. Lakini hakunitoza chochote kwa ile kazi ya mkono.

Siku ya nane gaga lilibanduka lenyewe. Leo manyoya yanaota, na majani ya viazi vitamu anayamaliza.