Deposit Protection Service (DPS): dipoziti iko salama, kubadilishana wapangaji ni shughuli yenu

Nyota tatu na nusu kwa tano, na ile moja na nusu iliyokatwa itaeleweka hapo chini.

Kwa wanaopanga England, DPS ni mojawapo ya huduma tatu zilizoidhinishwa na serikali kutunza dipoziti za wapangaji. Tunazungumzia ile aina ya huduma yao ambayo hela yenyewe inakaa kwao, si kwa mwenye nyumba. Haitozi chochote. Mkikwaruzana na mwenye nyumba, msuluhishi anasoma ushahidi wa pande zote mbili bure. Kwa kutunza, hatuna neno nayo.

Taabu huanza mmoja anapohama katikati ya mkataba wa pamoja. Dipoziti ni moja, ya mkataba mzima. Chukua nyumba ya watu watatu, kodi pauni 1,500 kwa mwezi. Sheria ya 2019 inaruhusu dipoziti isiyozidi kodi ya wiki tano (kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000), yaani pauni 1,730.77, kila mmoja katoa kama 576.92. Anayeondoka hawezi kwenda DPS kuchomoa fungu lake wenzake wakiwa bado ndani. Basi anayeingia humlipa anayetoka, na bila kujua anakuwa amenunua na uharibifu wake. Mkataba ukiisha, hakuna atakayeuliza ile alama ya pasi kwenye kapeti nyuma ya mlango ni ya nani. Inakatwa tu.

Siku ya kukabidhiana funguo kagueni chumba mkiwa na ile orodha ya vitu ya mwanzo. Pigeni picha: godoro pande zote mbili, kapeti, ukuta wa upande wa kitanda. Uharibifu wa kapeti ukikadiriwa pauni 90, mgeni anayeingia analipa 486.92, na karatasi mnayosaini itaje hizo 90 ni za nini. Hela zipitie benki.

Lakini zisitangulie ruhusa. Bila mwenye nyumba kukubali kwa maandishi na mkataba kubadilishwa, jina lililoko DPS linabaki la aliyeondoka, na mgeni atakuwa anadai hela kwa mtu ambaye simu yake haipokelewi. Mabadiliko huingizwa na mwenye nyumba au ajenti. Mgeni adai uthibitisho wenye jina lake. Mkisaini mkataba mpya, apewe taarifa rasmi za dipoziti ndani ya siku 30. Mwenye nyumba akizembea, korti inaweza kumwamuru alipe kiasi cha dipoziti mara moja hadi mara tatu. Ada ya kubadilisha jina haizidi pauni 50, ila mwenye nyumba akionyesha kwamba gharama halisi ya lazima ilizidi hapo.

Na anayeondoka asikimbilie kutoa notisi peke yake: kwenye upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi halali ya mmoja huwavunjia wote.