Matairi ya makasia kwenye mchanga wa Sharqiya: uzoefu wangu

Mashine yangu ni Yamaha Raptor 700, pikipiki ya magurudumu manne ninayoiendesha kwenye vilima vya mchanga vya jangwa la Sharqiya, Oman, na kabla ya msimu uliopita niliifunga matairi ya nyuma ya makasia. Sasa Oktoba inakaribia, joto la bara la Oman linaanza kulegea, na sisi wa Muscat tunazitoa pikipiki za magurudumu manne zilikolala tangu Aprili. Naulizwa sana kama matairi haya ni ya kununua au ni kupoteza pesa, basi nayaeleza kama nilivyoyaona.

Tairi lenyewe halina meno madogo madogo. Ni jepesi, uso wake laini, na juu ya uso huo yamesimama mabapa marefu ya mpira. Langu lina manane. Kila bapa limejipinda kidogo kama kiganja cha mtu anayeteka maji, na kazi yake ndiyo hiyo: kuuteka mchanga na kuusukuma nyuma. Tairi la meno likizungushwa kwa nguvu kwenye mchanga mlaini huchimba shimo, mashine ikakaa kwa tumbo. La makasia huiinua mashine ikapita juu juu.

Tofauti niliiona pale ninapopajali zaidi, yaani kusimama mlimani na kuondoka tena. Upande wa Bidiya, kaskazini mwa mchanga huu, kuna vilima vinavyofika mita 100 hivi, na njia za kuvipanda hazikosi mahali pa kukukatisha mwendo. Kwa meno, mwendo ukishakufa katikati ya kilima ni kugeuza, kushuka na kuanza upya chini. Kwa makasia, kama mwinamo si mkali sana, nasimama, natia gia ya kwanza, naachia klachi taratibu, na mashine inaondoka bila kuzama. Hilo peke yake limenipa utulivu ambao sikuwa nao. Mtu asiyeogopa kusimama hana haja ya kukimbia kama kichaa ili afike juu.

Ila tairi hili linaitaka mashine nzima iwe sawa, na hapo ndipo maandalizi yanapoanza. Nguvu iliyokuwa ikipotea gurudumu likizunguka bure, sasa inaiangukia klachi na cheni. Klachi iliyochoka, ambayo kwa meno ungeendelea nayo muda mrefu, kwenye makasia itajitangaza mapema: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Kwa hiyo mwaka huu nimeanza na sahani za klachi kabla ya kitu kingine chochote. Cheni nimeiosha, nimeupima ulegevu wake, nimeangalia meno ya sproketi, yale magurudumu yanayoibeba cheni, kama yamechongoka. Siipaki oili nzito, maana mchanga hunata humo na cheni ikageuka msasa. Natumia dawa ya kupuliza inayokauka.

Filta ya hewa ndiyo roho ya injini jangwani. Sponji naiosha, naiacha ikauke kabisa, naipaka oili yake kwa mkono hadi rangi ilingane kila mahali, kisha napaka grisi kwenye ukingo unaokaa juu ya kisanduku. Halafu naingiza kidole ndani ya mdomo wa bomba la hewa, upande wa injini, nakizungusha, nakitazama juani. Kidole kikitoka kisafi, naendelea. Kikitoka na punje hata chache, mashine haitoki nyumbani, kwa sababu punje hizo ndizo zinazokwaruza silinda na kumaliza ringi za pistoni. Nawaomba wenzangu, msimwachie fundi peke yake jambo hili. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa injini.

Upepo natia psi 6 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), asubuhi tairi likiwa bado baridi. Nunueni geji ya vipimo vidogo, kwa sababu ile ya kituo cha mafuta haisomi vizuri chini ya 10.

Sasa ubaya wake. Kwenye ardhi ngumu matairi haya ni mateso. Kabla hujaingia mchangani kuna vipande vya changarawe, na hapo mashine inagonga gonga mpaka meno ya mdomoni yanakutana, huku mpira unalika. Lami ndiyo usiguse kabisa. Mimi naipeleka mashine kwa pikapu zaidi ya kilomita 200 na kuishusha mchanga unapoanza. Kama safari zako huchanganya wadi, yaani mabonde makavu ya mawe, na mchanga kidogo, usinunue. Kaa na meno yako, yatakutosha.

Tena tairi zuri linakupa ujasiri, na jangwa la Oktoba si lile uliloliacha Aprili. Kusi, upepo ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi Oman kutoka Unguja, umevuma hapa miezi yote ya joto. Kilele ulichokivuka mwaka jana huenda sasa kimekatika upande wa pili kama ukuta. Kwa hiyo siku ya kwanza ya msimu nafika kileleni polepole na kwa pembe, natazama ng'ambo, ndipo nateremka. Bendera yenye mlingoti mrefu lazima iwe imefungwa, maana anayepanda kutoka upande wa pili ataiona kabla hajaniona mimi. Na penye ngamia au hema la mabedui napunguza mafuta na kuzunguka mbali; pale ni nyumbani kwa watu.

Bei niliyolipa Wadi Kabir, hapa Muscat, ilizidi kidogo riyali 100 kwa jozi, na kwa msimu mmoja wa mchanga mtupu hayajalika kiasi cha kunisikitisha. Ningeyanunua tena.

Mwenye Raptor aulize tairi la nyuma la saizi 20x11-9. Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi uangalie mshale ulio ubavuni mwa tairi: uelekee mbele kwa pande zote mbili. Likifungwa kinyume, makasia huukanyaga mchanga badala ya kuuteka, na utadhani umeuziwa tairi bovu.