Kabati la kitambaa la kuunganisha mwenyewe: kagua viungio kwanza

Chumba ambacho nguo zimehamia kitini na sakafuni hupata nafuu ya haraka kwa kabati la kitambaa: mabomba ya chuma, viungio vya plastiki na gamba lenye zipu. Halihitaji fundi, na siku ya kuhama unalifungua ukalibeba kwapani. Linamtosha mtu mmoja mwenye nguo za kawaida. Mwenye makoti na suti nyingi atafute la mbao tu.

Kinachotofautisha zuri na bovu ni viungio. Fungua boksi, shika kimoja. Kiwe na kuta nene, na bomba liingie kwa kubana, angalau sentimita 2. Kama linaingia na kutoka bila ubishi, kabati litayumba tangu siku ya kwanza. Bomba liwe na kipenyo cha milimita 16 kwenda juu. Yale ya 10 au 12 ziachie nguo za watoto. Angalia pia urefu wa bomba la kutundikia: kwa mzigo uleule, bomba lenye urefu mara 2 hupinda takriban mara 8. Kwa hiyo kabati pana lichague lenye nguzo katikati, hata kama picha kwenye boksi zinafanana.

Kabla ya kuunganisha, panga mabomba kwa urefu, maana mengine hupishana kwa sentimita chache tu. Anza na kitako, kisha nguzo. Vitambaa vya shelfu vivishwe kwenye mabomba kabla ya kufunga ngazi inayofuata. Maelekezo ya boksini hulitaja hilo kwa mchoro mdogo usioonekana vizuri, na ukilisahau utabomoa kazi yote. Kiungio kikigoma usikipige nyundo moja kwa moja, kwani plastiki hupata ufa mwembamba unaokuja kufunguka kabati likishajaa. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga polepole. Gamba huvishwa mwisho, zipu zote zikiwa wazi.

Kuyumba ndiyo lawama kubwa, na sababu iko wazi: nyuma hakuna ubao wa kuzuia nguzo zisilale upande. Funga kamba 2 zisizovutika kwa nyuma, kila moja kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili, zikutane kama X, kisha zikaze. Palipo na watoto, fremu ifungwe ukutani pia.

Vizito vikae chini. Suruali ya jinzi huwa na gramu 600 hivi au zaidi, kwa hiyo 10 ni kilo 6 kwenda juu. Zikunje shelfu ya chini, tundika mashati na magauni mepesi. Shelfu zenyewe hubonyea katikati. Kata plaiwudi nyembamba au kadibodi ngumu, iegemee mabomba ya pande zote mbili, na nguo zitakaa wima.

Gamba la kitambaa kisichofumwa, kile cha mifuko myepesi ya kubebea, likipigwa jua kila siku hupauka na kupukutika, basi liweke mbali na dirisha. La poliesta iliyofumwa hudumu zaidi. Zipu hufa kwa kulazimishwa huku nguo zimejitokeza. Ikikwama, ipake mshumaa. Sanduku la safari lisiwekwe juu: pale ni kitambaa tu.