Ulinzi wa silaha godauni Vingunguti: kampuni mbili nilizotumia, na hii habari ya "atapiga juu kwanza bosi"

Wadau naona watu wanauliza sana kuhusu kampuni za ulinzi zenye silaha kwa ajili ya stoo na yadi, asa mi nimetumia mbili kwa nyakati tofauti kwenye godauni letu la vifaa vya ujenzi hapa Vingunguti, Dar, nondo, mabati, waya za shaba, pampu, vitu ambavyo vibaka wanavijua bei kuliko hata mwenye mali. Majina sitaji, nisije nikaitwa ofisini kwa mtu. Nitasema nilichokiona, na zaidi ya yote nitaongelea kitu kimoja ambacho hizi kampuni zinakiuza kama ofa wakati kwangu mimi ndo sababu ya kuzikimbia, nacho ni risasi ya onyo, yaani mlinzi kufyatua hewani ili kumtisha mwizi.

Kampuni ya kwanza tuanze na mazuri yake maana yapo. Walinzi wanafika kwa wakati, saa kumi na mbili jioni mtu kashavaa yunifomu imepigwa pasi, kitabu cha lindo kinaandikwa, na yule mzee waliyetuletea alikuwa mtu wa maana sana, mgambo wa siku nyingi kutoka Singida, hanywi, hasinzii, anazunguka yadi usiku kucha kama anachunga. Shida iko kwenye maneno ya jamaa wao wa masoko siku ya mkataba: "Bosi we lala, mlinzi wetu akiona mtu anapiga juu kwanza, wanakimbia wenyewe, hamna kesi hamna maiti." Na ukiuliza watu wengi mtaani watakwambia hiyo ndo akili, si unamtisha tu mtu anaondoka.

Sikilizeni sasa ilivyokuwa. Usiku wa mvua, kwenye saa nane hivi, vijana wawili wakapanda ukuta wa nyuma, mzee akawaona na tochi akafanya vile vile alivyoelekezwa na ofisi yake. Kibanda cha mlinzi kina kipaa cha bati kimetokeza mbele, yeye kasimama chini yake kukwepa mvua, kwa hiyo hiyo "juu" yake haikuwa juu kabisa, ilikuwa mshazari, imepitia kwenye ukingo wa bati ikaelekea kwa majirani. Vibaka walikimbia, kweli. Asubuhi tunaitwa na mama wa nyumba ya pili, simtanki lake limekauka, lina matundu matatu kila moja linaingia penseli. Chini ya lile tanki ndo dirisha la chumba wanacholala wajukuu zake. Nilipima kwa mkono kutoka tundu la chini hadi kwenye kizingiti cha dirisha, shubiri tatu hazifiki.

Risasi moja ya shotigani yenye gololi kubwa kwa kawaida inabeba gololi kama tisa. Tatu zilikuwa kwenye tanki, moja ilitoboa bati, zilizobaki hatujui ziliishia wapi mpaka leo, na kwa Vingunguti hii ambayo choo cha huyu kinaangalia jiko la yule, sijui hata "juu" ni wapi.

Alafu kuna jambo ambalo mteja hulijui mpaka uulize. Yule mzee alikuwa amepewa risasi mbili kwa lindo zima. Mbili! Kwa hiyo alipotoa onyo alitumia nusu ya ghala lake, na vibaka wangekuwa na roho ngumu wakasubiri dakika tano wakarudi, angebaki na moja mkononi, gizani, macho bado yanaona mwanga wa ule mlipuko na masikio yanalia. Na hapo kashawaonyesha amesimama wapi. Nilimuuliza kwa upole, "Mzee, kwanini usingepiga filimbi kwanza?" akanijibu, "Bosi, ofisini wametuambia ukimuona mtu piga juu, ukimpiga mtu mwenyewe hatukujui." Hilo neno hatukujui lilinikaa, maana ndo ukweli wa ile sera yao, iko pale kuilinda ofisi, mzee anabaki na mzigo peke yake.

Polisi walikuja, mzee akatoa maelezo, silaha ikachukuliwa kwa uchunguzi, lindo likabaki na rungu na tochi, na ankara ya mwisho wa mwezi ikaja ya mlinzi mwenye silaha vile vile kama hakuna kilichotokea. Tanki la jirani wakasema mkataba unahusu mali ya mteja tu. Tulilinunua sisi. Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za yule mzee wa Singida.

Najua kuna watu watasema ah hiyo ni bahati mbaya tu, angepiga wima isingekuwa shida. Haya tuongee. Sisi watu wa Dar hatuhitaji kwenda mbali, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, NIT, alikufa tarehe 16 Februari 2018 pale Kinondoni akiwa amekaa ndani ya daladala, wakati polisi wanawatawanya wafuasi wa Chadema, na polisi wenyewe walisema walikuwa wanafyatua hewani. Binti alikuwa kwenye kiti cha abiria, hana habari na maandamano ya mtu. Na hao ni polisi, watu waliopita chuo, mlinzi wetu ambaye kuna kampuni hata shabaha wanapelekwa kwa kubahatisha atafanya nini cha ajabu.

Na kupiga wima nako si salama. Risasi ya bunduki ya kawaida ikipanda juu kabisa inarudi kwa mwendo mdogo sana kuliko iliotoka nao, ila bado inatosha kutoboa fuvu la mtu, na ikienda mshazari ndo kabisa, inabaki na nguvu zake inatua mtaa mwingine. Kule Puerto Rico mkesha wa mwaka mpya wa kuingia 2004 watu walipiga juu kwa furaha tu, wakahesabiwa majeruhi 19 wa risasi zilizoanguka na mmoja akafariki. Gololi za shotigani zikipigwa juu zinapoa mapema, zile ndogo za kuwindia ndege zinakuangukia kama punje za mchanga, hilo nakubali, ila mlinzi mwenye woga usiku hapigi wima, anapiga mshazari, mkono wenyewe unaenda kule anakoangalia.

Sheria nayo. Nimeongea na wakili wetu kabla ya kusaini na kampuni ya pili, akanionyesha Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18B, kwamba unaruhusiwa kujilinda wewe, mwenzio na mali, ila kwa nguvu inayostahili tu, ukizidisha unawajibika, na mtu akifa kwa hiyo nguvu iliyozidi ni kosa la kuua bila kukusudia. Asa weka risasi ya onyo hapo. Kama kibaka kakujia na panga mpaka una haki ya kumpiga, huo muda wa kupiga juu unautoa wapi? Na kama muda ulikuwepo, mwendesha mashtaka atakuuliza basi mbona ulifyatua silaha katikati ya makazi ya watu wakati hukuwa hatarini. Marekani kuna mama anaitwa Marissa Alexander, Florida, mwaka 2010 alifyatua risasi moja ikaenda ukutani, akasema ilikuwa onyo kwa mumewe aliyekuwa anamtishia, hakuna aliyeumia hata mmoja, na bado 2012 akapigwa miaka 20. Hukumu ilitenguliwa mwaka uliofuata na 2014 jimbo likabadilisha sheria yake, lakini miaka ya gerezani hairudishwi. Huko ni kwao, sheria zao, ila lile swali la kwamba onyo lenyewe ni kutumia silaha au siyo, ni lile lile na hapa litakukuta.

Alafu usisahau majambazi wenye silaha. Agosti 2016 pale Mbande, hapa hapa Dar, polisi wanne waliuawa nje ya benki na silaha zikachukuliwa, mwaka mmoja kabla yake Stakishari kituo kizima cha polisi kilivamiwa. Watu wa namna hiyo wamekuja kuchukua hiyo hiyo bunduki ya mlinzi, we unapiga juu unawaita.

Ili nisionekane nachukia kila kitu, sehemu ambazo kupiga juu kuna maana zipo. Askari wanyamapori wanapofukuza tembo kwenye mashamba ya watu, shamba ni wazi, tembo hana kesi, mlio ndo dawa yenyewe. Baharini nako, wakati wa maharamia wa Kisomali, walinzi wa meli walikuwa wanapiga risasi za onyo majini mbele ya boti, na kwenye maji matupu inaeleweka. Japo hata huko, Februari 2012 wanajeshi wa Italia kwenye meli ya mafuta ya Enrica Lexie karibu na Kerala walisema wamepiga onyo wakidhani ni maharamia, wakafa wavuvi wawili wa Kihindi, kesi ya nchi na nchi ikaenda karibu miaka kumi. Kama bahari yote ile inaleta msiba, Vingunguti je.

Kampuni ya pili, hii tuko nayo mpaka saivi. Bei iko juu kama robo zaidi. Supavaiza wao ni sajini mstaafu, wote wanamwita Afande, na alipokuja kukagua eneo hakuanza na bunduki, alianza na taa. Akatuambia taa mbili za ukuta wa nyuma zimefungwa vibaya, zinammulika mlinzi badala ya kummulika anayepanda, tukazigeuza. Akataka king'ora, kitufe cha dharura chenye laini ya simu, na kibanda kibadilishwe mlango uwe wa chuma wenye komeo ndani. Mi nikamchokoza, "Afande, walinzi wako wanapiga juu?" akacheka. "Mkuu, mlinzi wangu akifyatua nataka kujua kila gololi imeishia wapi. Juu hakuna anuani."

Utaratibu wao ni kwamba onyo linatolewa kwa mdomo na mwanga. Mlinzi anapaza sauti "Simama hapo hapo!", anawasha taa zote, anabonyeza king'ora, anajifungia kibandani na kupiga simu, na silaha inabaki na yeye kwa ajili ya mtu atakayevunja ule mlango kumfuata yeye. Mabati yakiondoka yaondoke, bima ipo. Wafanyabiashara wenzangu nikiwaambia hilo wanaguna, wanaona nalipia silaha isiyotumika. Basi kuna usiku mwingine vibaka walirudi, sijui ni wale wale, king'ora kilivyolia mtaa mzima ukaamka, wajumbe, vijana wa bodaboda, mpaka yule mama wa tanki alitoka na mwiko, na jamaa waliacha ngazi yao ukutani, tunaitumia mpaka leo kupangia mabati.

Kasoro zao zipo na si ndogo. Gari la msaada linakawia, mvua ikinyesha barabara yetu inakuwa mto na lile gari linakuja ukiwa umeshakunywa chai. Wanabadilisha walinzi hovyo, ukimzoea huyu analetwa mwingine hajui hata swichi iko wapi, na kuna kijana wao alinikopa nauli mara kadhaa kwa sababu mshahara ulikuwa haujaingia, asa mtu mwenye njaa umempa silaha, hapo wajirekebishe. Mafunzo ya shabaha wanayo na nilionyeshwa daftari lenye sahihi, hilo nawapa. Nyota nne.

Ukienda kusaini na kampuni yoyote, waulize mlinzi anapewa risasi ngapi, mara ya mwisho kwenda kwenye shabaha ni lini, na gololi ikitoboa tanki la jirani nani analipa, na uombe jibu liandikwe ndani ya mkataba. Yule wa masoko akianza kukwambia "anapiga juu kwanza", chukua mkoba wako.

Mwenye kutaka namba ya hao wa pili aniulize pembeni. Ila Afande usimpigie asubuhi, anazungukia malindo usiku kucha kwa hiyo muda huo kalala, mpigie kuanzia saa tisa mchana.